Bei ya Mota Mpya

Mota mpya ya kufungulia mlango wa gereji, pamoja na usafiri wake kutoka Johannesburg, ilikuwa sawa na mshahara wangu wa miezi kumi na mitatu. Hesabu hiyo sikuipiga mimi. Aliipiga mwenye nyumba, amesimama mbele yangu na kalamu, akanisomea jibu kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya mpira. Kisha akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni akasema, "Basi kwa sasa utafungua wewe." Ndivyo nilivyopata kazi Lilongwe.

Asubuhi ile nilikuwa nimekaa kando ya barabara ya Mtandire pamoja na wanaume wengine, tukingoja ganyu, yaani kibarua cha siku. Nilikuwa nabishana na jirani yangu wa kambi ya wakimbizi kwa Kiswahili chetu cha Uvira, Kongo. Gari likapunguza mwendo, kioo kikashuka, mzee mmoja mwenye mvi akatoa kichwa akauliza, kwa Kiswahili kilichonyooka cha Dar es Salaam, "Jamani, ninyi watu wa wapi?" Tuliacha kubishana. Nchini Malawi hakuna mtu mwenye gari aliyewahi kutuita jamani. Kumbe alikuwa Mmalawi wa hapo hapo, ila aliishi Dar zaidi ya miaka ishirini, akiukimbia utawala wa zamani, na serikali ilipobadilika akarudi kwao akajenga. Aliuliza kama kati yetu kuna fundi umeme. Nilisimama kabla hajamaliza swali.

Njiani aliniuliza nakaa wapi, nikamwambia kambini, Dzaleka. Alicheka mpaka ikabidi apunguze mwendo. Enzi zake Dzaleka ilikuwa gereza. "Mimi nilikimbia nchi nisipelekwe Dzaleka," alisema, "na wewe umekimbia nchi yako ukaja Dzaleka kwa miguu yako." Sikuona cha kuchekesha, lakini nilicheka, maana gari lilikuwa lake.

Mlango wa gereji yake ulikuwa wa chuma, mpana, wa kupanda juu hadi darini. Ulivutwa na mnyororo, mnyororo ulivutwa na mota iliyofungwa kwenye dari, na mota ilitii kidude cha plastiki ambacho mzee alikibonyeza akiwa amekaa ndani ya gari. Sasa alikuwa akibonyeza, mota inanguruma vizuri tu, na mlango hausogei. Aliniambia nizime umeme kwanza kabla sijapanda ngazi. Swichi kuu ilikuwa ndani, kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba, na chini ya swichi kulikuwa na meza ndogo, na juu ya meza kulikuwa na simu.

Hapa sina budi kueleza habari ya mke wangu. Vita ya kwanza iliingia Uvira mchana, mimi niko kazini kiwandani, yeye yuko nyumbani na binti yetu wa miezi kumi na mmoja. Yeye aliambatana na watu waliokwenda upande wa Fizi. Mimi nilisukumwa na umati uliokuwa ukikimbilia ziwani, nikajikuta ndani ya boti ya kwenda Kigoma. Kila mmoja alidhani mwenzake ametangulia. Kigoma niliwatafuta miezi mitatu, kambi kwa kambi, mpaka mtu akaniambia kwamba watu wa mtaa wetu wamefika Malawi. Nikaja. Na ni kweli, Dzaleka niliwakuta watu wa mtaa wetu, wake zao, watoto wao, hata mama mmoja aliyekuwa akinidai sufuria. Wangu hawakuwepo. Tangu hapo nilikuwa nikituma barua kwa madereva wa malori, kwa watu wa kanisa, kwa yeyote aliyekuwa anakwenda kaskazini. Barua zote zilikuwa na kasoro moja: hazikuwa na mahali pa kujibiwa kwa haraka. Mtu wa kambini kwa miaka ile hakuwa na simu. Alikuwa na namba ya kadi ya mgao wa chakula.

Kwa hiyo niliizima swichi, nikaitazama ile simu. Namba yake ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa hapo hapo. Niliisoma mara moja na hadi leo naikumbuka.

Nikapanda ngazi, nikafungua kifuniko cha mota. Ndani kulikuwa na unga mweupe kama sembe. Gia moja ya plastiki, ndogo kama kifuniko cha chupa ya dawa, ilikuwa imelika meno yote. Mota ilikuwa nzima. Waya zilikuwa nzima. Kiwandani kwetu kazi kama ile tungempa mwanafunzi wa mwezi wa kwanza, na angemaliza kabla ya chai.

Nilirudisha kifuniko, nikashuka.

"Mzee," nikamwambia, "hii moteri imekufa kabisa. Hapana iko kitu ya kutengeneza. Inaomba ingine mupya."

Sikupanga kusema hivyo. Yalitoka yenyewe, na yalipokwisha kutoka niliyaona ni maneno mazuri. Ndipo mzee alipopiga simu Johannesburg, akaandika bei, akaguna, akapiga ile hesabu yake, nami nikapewa chumba nyuma ya nyumba, godoro, na cheo cha mfungua mlango.

Siku ya kwanza kazini niliharibu. Saa kumi na mbili jioni nilikuwa nimesimama kwenye gereji nimejiandaa, mikono nimeipaka mafuta. Gari likaja, taa zikamulika ukuta, honi ikalia mara mbili. Nami nikaruka ukingo wa maua nikajilaza nyuma ya mpapai. Uvira, gari likisimama mbele ya lango lako na kupiga honi wakati ule wa vita, hufungui. Unazima taa, unamziba mtoto mdomo, unaomba Mungu liende kwa jirani. Kichwa changu kilijua kwamba yule ni mzee amerudi na mkate, ila miguu haikuwa imeambiwa. Alipiga honi tena. Nikazidi kujibanza. Mwishowe alishuka akafungua mwenyewe, akanikuta na udongo kifuani.

"Fundi," aliniuliza, "unafanya nini hapo?"

Nilimweleza. Sikuongeza chumvi wala sikupunguza. Alisimama kidogo, akarudi kwenye gari, akaliingiza ndani, akanipa mkate niubebe.

Kesho yake gari lilikuja likasimama. Hakukuwa na honi. Kioo kilishuka, nikasikia sauti yake: "Hodi! Hodi hapa!" Nikajibu karibu, nikafungua. Tangu siku hiyo, kila jioni, mzee wa watu, mwenye suti na nyumba yenye vyumba saba, alikuwa anabisha hodi kwenye gereji yake mwenyewe na kungoja akaribishwe. Aliona ni jambo la kawaida kabisa. Mkewe hakuliona hivyo. Yeye tulimwita dona, kama wafanyakazi wote wa Malawi wanavyomwita mama mwenye nyumba, na hakujua Kiswahili hata neno moja, lakini hodi alilielewa haraka kwa sababu majirani walianza kulisema wakimwona sokoni.

Nilituma namba. Siku yangu ya kwanza ya mapumziko niliandika barua kumi na moja, zote zenye maneno yale yale: niko hai, niko Lilongwe, piga namba hii, uliza yule Mkongomani anayefungua mlango. Baada ya hapo kazi zangu zilikuwa mbili. Moja ilikuwa kuinua chuma mara nne kwa siku, na chuma chenyewe kilikuwa kizito kwa sababu springi zake zilichoka pamoja na ile gia. Nyingine ilikuwa kusikiliza. Ukumbi ulikuwa na dirisha lililotazama gereji, na simu ikilia niliisikia hata nikiwa bombani. Ililia sana. Karibu kila mara alikuwa mtu wa kwaya ya kanisani anamtaka dona. Niliwachukia wanakwaya wale bila kuwahi kuwaona, na sioni aibu kusema hivyo.

Mara moja kwa mwezi nilipanda basi kwenda Dzaleka, kwa sababu siku ya mgao lazima uonekane kwa macho, usipoonekana jina linafutwa. Jirani zangu waliniuliza mjini nafanya kazi gani. Nikasema ya umeme. Haukuwa uongo mkubwa, nilikuwa nafanya kazi ya kitu cha umeme.

Ikapita miezi saba. Dona akachoka. Mvua zilikuwa zimeanza, na jioni moja mzee alibisha hodi kwenye mvua kioo kikiwa chini, akalowa bega zima mimi nikihangaika na springi. Kesho yake nilisikia wanazungumza kwa Kichewa kirefu, na jioni mzee alinifuata chumbani kwangu. Hakuwahi kufika pale kabla. Alikaa kwenye ukingo wa godoro.

"Fundi, tumeamua tuiagize ile mota," alisema. "Hela nampa dereva wa lori Jumatatu. Ikifika, sitakuwa na kazi ya kukupa. Nisamehe, bwana."

Nilimwambia si kitu.

"Na kuhusu simu," akaendelea, "usiwe na wasiwasi."

Nikamuuliza simu gani.

"Hiyo unayoisikiliza. Dona aliniambia zamani kwamba kila ikilia unaacha ulichoshika. Waliokupotea wana namba yetu, si ndiyo? Basi wakipiga nitaandika ujumbe nikuletee. Simu haina uhusiano na mlango. Nilipokuwa Dar mama yangu alikufa hapa, na mimi nilipata habari baada ya miaka miwili. Siwezi kumfanyia mtu hivyo."

Sasa nilikuwa na bahati mbaya mbili, na zote nilijitengenezea. Ile simu iliyonifanya nidanganye ningepewa bure kama ningeomba. Na mzee alikuwa anakwenda kutoa mishahara ya miezi kumi na mitatu kwa sababu ya gia ya ukubwa wa kifuniko cha chupa. Ningeweza kunyamaza. Nilijaribu kunyamaza, nikaweza kwa muda wa kama dakika moja.

"Mzee, ile moteri hapana ilikufa," nikamwambia. "Iko ka-gia ka plastiki tu. Nilikaona siku ya kwanza. Nilikudanganya juu ya ile simu, nibakie nayo karibu."

Alinitazama. Nilitegemea acheke, kwa kuwa alikuwa mtu wa kucheka. Hakucheka.

"Miezi saba," alisema. "Miezi saba napiga hodi kwenye gereji yangu."

"Ndiyo, Mzee."

"Kwa nini hukuomba simu?"

"Sikujua simu inaombwa."

Alisimama akakung'uta suruali. Alikuwa na hasira ya kweli, mishipa ya shingo imemsimama, na alipozungumza tena Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, cha mtu anayejizuia. "Ukaitengeneze. Halafu uende zako. Mtu akinidanganya usoni, chini ya dari yangu, akala na mkate wangu, siwezi kuwa naye hapa." Nilimwona ana haki. Iliniuma zaidi kwa kuwa alikuwa na haki.

Gia ya plastiki Lilongwe nzima haikupatikana. Nilikwenda Dzaleka kwa fundi mmoja Mrundi ambaye alikuwa anayeyusha vyuma vyepesi na kumimina sufuria. Nilichonga mfano wa gia kwa mbao, meno ishirini na mawili, nikihesabu kwa kucha visiki vya meno ya ile ya zamani. Tuliukandamiza kwenye mchanga, akayeyusha sufuria moja iliyotoboka, akaimimina, ikatoka gia yenye sura ya kitu kilichotafunwa na mbwa. Nilikaa siku mbili na tupa nikiisugua. Gharama yote: maharage yangu ya mwezi ule. Niliifunga, nikapaka grisi, nikambonyezea mzee kidude chake mwenyewe. Mlango ulipanda, kwa kelele za mashine ya kusaga mahindi, lakini ulipanda. Mzee aliangalia mpaka ukafika juu. Akanilipa siku zangu zote, bila kukata hata tambala, senti ya huko, akaingia ndani. Dona ndiye aliyenisindikiza hadi getini. Alisema zikomo, yaani asante, akanipa furushi la unga.

Nilirudi Dzaleka nikalala siku tatu. Nilikuwa nimepoteza kazi, na simu sikuwa tena na uso wa kuitegemea. Mtu aliyekasirika vile, nilijiambia, akipigiwa simu ya kuniulizia ataikata. Mimi ningeikata. Ndivyo hasira yangu ilivyo, nami nilimpima mzee kwa kibaba changu mwenyewe.

Wiki ya tano, Ijumaa mchana, gari lake liliingia kambini likisindikizwa na watoto. Alishuka na suti katika vumbi lile, akaulizia fundi umeme mpaka akafikishwa mlangoni kwangu. Alikataa kukaa.

"Amepiga," alisema. "Mwanamke. Yuko Kigoma. Atapiga tena Jumapili, saa nne asubuhi."

Nilishika nguzo ya mlango. "Na mutoto?"

"Sikumuuliza." Alitazama chini. "Niliogopa kuuliza, fundi. Chukua nguo zako. Utalala kwangu mpaka Jumapili, mabasi yenu siyaamini."

Tulipofika alibonyeza kidude, mlango ukapanda na kelele zake, tukaingia kama watu waungwana.

Jumapili hiyo dona hakwenda kanisani. Alileta kiti akakiweka kando ya ile meza ndogo, akawafukuza watu wote ukumbini, akiwemo mumewe. Nilikaa tangu saa mbili. Saa nne na dakika chache simu ililia.

"Njo we?" nikauliza, yaani ndiye wewe.

"Njo mi."

Sauti yake ilikuwa imekauka kidogo, lakini ilikuwa ni yake. Nililia pale pale, kwa sauti, na sikujali ni nani anasikia.

"Mutoto?"

"Iko muzima. Anakimbia, anavunja vitu ya bantu."

Nilimshukuru Mungu. Nilianza kumwambia habari za kambi, za nyumba, jinsi nitakavyotafuta nauli yao, na yeye akanikata.

"Sikiliza kwanza. Iko neno. Balinambia boti yako ilizama. Bantu babili balisema balikuona mu maji. Tulikufanyia matanga. Nilikaa peke yangu mwaka moja na nusu. Sasa niko na bwana."

Niliuliza bwana gani, kana kwamba kuna aina nyingi. Kisha nikapandisha sauti. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, ila moja nitaliandika kwa sababu ndilo lililonirudi. Nilimwambia, "Haukuweza kungoja?"

"Kungoja nani?" akasema. "Mufu?"

Niligundua nimesimama, nikakaa tena.

"Namba yako nilipewa na muntu ya kanisa," akasema, sasa polepole. "Ningeitupa. Bwana yangu mwenyewe njo alisema nipige. Sikutaka ukae unangoja."

Mimi niliyemdanganya mzee miezi saba kuhusu gia ya plastiki, nilikaa na simu sikioni nikimsikiliza mwanamke aliyetafuta hela, akapanga foleni mara mbili kwenye ofisi ya simu, ili aniambie ukweli ambao nisingeujua kamwe. Nilikuwa na hasira bado. Hasira haikuondoka kwa sababu hiyo, ila haikuwa na pa kukaa.

"Bwana yako iko hapo?" nikauliza.

"Iko hapa kando yangu."

"Mupe simu."

Nilisikia wanabishana, kisha pumzi za mtu mwingine. Alisema, "Kaka." Akakohoa. "Kaka, naomba unisamehe."

"Kazi yako nini?"

"Mi niko fundi viatu."

"Mutoto anavaa viatu?"

"Anavaa, kaka. Njo mi namushonea. Nashona leo, kisha miezi sita haziingie tena, mguu yake inakua mbio sana. Sasa niko nashona zingine, anataka za rangi nyekundu."

Nyuma yake nilimsikia karani wa simu akisema dakika zinakwisha. Nilikuwa na mengi ya kumwambia mwanamume yule. Nilikuwa nimeyapanga tangu lilipotajwa neno bwana, na yote yalikuwa ya kumvunja.

"Aksanti," nikamwambia, na simu ikakatika.